Mwakenya, Prepu na Pepa za Zamani: Nani Alitufunza Kusoma Hivi?

Kila muhula wa tatu ukianza, meseji zangu hujaa swali moja. Msee wa Fomu Foo anauliza Historia inasomwa vipi. Mwingine anasema Kemia imemkataa, afanyeje. Kuna dada aliniuliza kama ni kweli ukilala na kitabu chini ya mto kinaingia kichwani. (Hapana. Kinachoingia ni kunguni.) Halafu lazima atokee mjuaji mmoja kwenye maoni: "Wewe mwenyewe uliacha chuo mwaka wa pili, utatufunza nini kuhusu kusoma?"

Swali fea. Basi leo sifunzi, nauliza. Huu mtindo wetu wa kusoma, wa kuamka saa kumi alfajiri, kukariri noti kama sala, kuspot maswali na kukesha wiki ya mtihani, ulitoka wapi? Hakuna mtu alizaliwa nao. Shule hukupatia ratiba siku ya kwanza Fomu Wani, wewe unaifuata miaka minne, na hakuna anayekuambia nani aliipanga na kwa nini.

Nimepekua historia ya mitihani ya Kenya na ninachokiona ni hiki: kila mbinu tunayotumia ilizaliwa kukabiliana na mtihani fulani, wakati fulani. Mtihani ukabadilika, mbinu ikabaki, kama yule mjomba wa kwenye harusi ambaye hakuna anayejua alialikwa na nani lakini ndiye amekalia sahani kubwa.

Na haraka iko. Fomu Foo wa 2027 ndio darasa la mwisho la KCSE. KCPE tuliizika 2023, Gredi ya 10 waliingia Januari 2026, na nyuma ya hawa walio Fomu Tatu sasa hakuna darasa lingine la 8-4-4. Zamani ukianguka ulirudia na watoto wa nyuma. Hawa hawana watoto wa nyuma. Kwa hivyo wakibeba mbinu mbovu kwa sababu tu ndizo walizozikuta, bei yake itakuwa ghali kuliko ilivyokuwa kwetu.

Mtahini alikuwa ng'ambo

Wakati wa mkoloni, mtihani wa mwisho wa shule ya upili uliitwa Cambridge School Certificate. Ukitaka kujua ulikuwa wa nani, soma jina tena. Maswali yalitoka Uingereza, na majibu yako yalisafiri kurudi huko huko yakasahihishwe na mtu ambaye hajawahi kuona mtaa wenu.

Shule zilizowatayarisha Waafrika kwa mtihani huo zilikuwa chache, na nyingi ni za misheni. Alliance ilifunguliwa Kikuyu 1926. Kuanzia 1940 hadi 1962 iliongozwa na Carey Francis, mwanahisabati aliyetoka Cambridge yenyewe. Shule za namna hiyo ndizo zilizotuletea siku unayoijua: kengele, usafi, ibada, darasa, michezo, chakula, halafu jioni kimya kimya kwenye dawati. Hata neno prepu ni la shule za bweni za Uingereza. Sisi tuliliongezea tu u mwishoni.

Sasa, prepu wakati huo ilikuwa na akili. Fikiria kijana anatoka nyumbani ambako jioni kuna moto wa kupikia na hadithi, lakini hakuna taa ya kusomea wala meza. Taa iko shuleni, vitabu viko shuleni. Saa mbili za kimya zilikuwa kitu ambacho hangeweza kukipata kwingine. Leo tumeichukua ile ile, tukairefusha hadi usiku, tukaongeza nyingine kabla ya jogoo, na hakuna anayeuliza kama mtoto bado yuko macho. Wengine wanalala macho wazi. Hiyo ni talanta, lakini KNEC haiipatii alama.

Kukariri nako kulianzia mahali. Ngũgĩ wa Thiong'o, kwenye kitabu chake Decolonising the Mind cha 1986, anasimulia kuhusu kijana wa darasa lao mwaka wa 1954. Jamaa alipata alama za juu kabisa katika masomo yote isipokuwa Kiingereza. Kiingereza kilimwangusha, na kwa sababu hiyo akahesabiwa ameanguka mtihani wote. Akaishia kuwa tanboi wa basi. Ngũgĩ mwenyewe anasema alama zake nyingine zilikuwa za kawaida tu, lakini Kiingereza alikipita vizuri, na Alliance ikamchukua. Huo ulikuwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ule wa Waafrika peke yao, lakini ngazi za juu nazo Kiingereza ndicho kilikaa mlangoni na rungu.

Weka hiyo picha kichwani. Kama sentensi moja mbovu ya Kiingereza inaweza kukutoa Alliance ikakuweka kwenye mlango wa basi, utajaribu kuandika kwa maneno yako? Buda, utachukua sentensi ya kitabu jinsi ilivyo, koma na nukta, uirudishe kwa mwenyewe. Ningekuwa yeye ningekariri pia. Ile ilikuwa njia salama, na anayewaita wazee wetu makasuku hajafikiria walikuwa wanachezea nini.

Shida ni kwamba tuliendelea. Chombo cha pamoja cha mitihani cha Kenya, Uganda na Tanzania kiliundwa 1967, Tanzania ikajitoa 1971, Jumuiya yenyewe ikavunjika 1977, na mwaka 1980 Kenya ikapata baraza lake, KNEC. Mtahini alirudi nyumbani, lakini kalamu yetu iliendelea kuandikia ng'ambo. Na kuna kitu kilitokea 2023 ambacho watu wengi hawakukiona kwa sababu walikuwa wanabishana kuhusu vyuo: upangaji wa gredi ya KCSE ulibadilishwa. Sasa Hisabati lazima ihesabiwe, kisha lugha moja tu, iwe Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, halafu masomo matano uliyofanya vizuri zaidi. Kutoka 1954 hadi 2023 ni miaka 69. Yule tanboi angefurahi kusikia hivyo.

Daftari liligeuka kitabu

Baada ya uhuru watu walitaka shule kama wanavyotaka maji. Serikali haikuweza kujenga haraka, kwa hivyo vijiji vilichanga: kuku, mbao, shilingi. Shule za harambee zikamea kila mahali, zikazidi zile za serikali kwa idadi. Mimi naona hicho ni kati ya vitu vikubwa zaidi Wakenya wamewahi kujifanyia. Ila nyingi hazikuwa na maabara, walimu waliosomea kazi walikuwa wachache, na vitabu havikutosha. Na mtihani wa mwisho? Ule ule wa watoto wa shule zenye kila kitu.

Mwalimu mwenye kitabu kimoja na wanafunzi arobaini atafanya nini? Atasoma, nyinyi mnaandika. Daftari linakuwa kitabu. Na kama daftari ndilo pekee ulilo nalo, kusoma kunamaanisha kulisoma tena na tena hadi likuingie. Mpaka leo kuna watu wana vitabu na simu zenye intaneti, na bado wanasoma kwa kulipitia daftari lile lile wakilipaka rangi. Njano, kijani, pinki. Daftari linapendeza kama keki ya bathdei, lakini ukilifunika hakuna kitu kichwani.

Kisha 8-4-4. Tume ya Mackay iliitishwa 1981 kushughulikia chuo kikuu cha pili, ikatoka na mfumo mzima mpya. Ulianza Januari 1985, KCPE ya kwanza ikafanywa mwaka huo huo, na KCSE ya kwanza 1989. Mwaka 1990 vyuo vikapokea makundi mawili kwa pamoja, waliotoka Fomu Sita ya mwisho na waliotoka Fomu Foo ya kwanza. Kiswahili kikawa lazima shule ya msingi na ya upili. Ufundi, kilimo, sayansi kimu, vyote vikaingia kwenye ratiba. Masomo yakawa mengi, siku ikabaki na saa zile zile.

Hapo ndipo tulipoanza kuiba saa kutoka kwa usingizi. Masomo ya alfajiri, masomo ya Jumamosi, tuisheni ya likizo. Magazeti yakawa yanapanga shule kutoka ya kwanza kwenda chini, na mwalimu mkuu aliyeshuka nafasi tano alijua mwenyewe atawaambia nini wazazi. Tuisheni ikapigwa marufuku mara nyingi hadi ikaingia kwenye Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Kanuni za 2015 zikasema masomo ni saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Uliza mwanafunzi yeyote wa shule ya bweni kama amewahi kukutana na hizo saa.

Jina la watu walioteswa

Hapa wacha nikae kidogo, kwa sababu hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike.

Kila mtu aliyesoma Kenya anajua mwakenya. Kakaratasi kadogo, mwandiko wa chungu, kamekunjwa kwenye soksi au chini ya saa. Unaingia nako kwenye mtihani ukiomba Mungu huyo huyo uliyemwomba asubuhi kwenye ibada. Lakini wangapi wanajua jina lilitoka wapi?

Mwakenya lilikuwa vuguvugu la siri la kisiasa miaka ya 1980, likipinga utawala wa Moi wakati Kenya ilikuwa ya chama kimoja kisheria. Jina ni kifupi cha Muungano wa Wazalendo wa Kukomboa Kenya. Walisambaza maandishi yao kwa siri, mkono kwa mkono. Mwaka 1986 serikali ikaanza kuwakamata kwa wingi: wahadhiri, wanafunzi wa vyuo, wanahabari, watu wa kawaida. Wengi walipelekwa vyumba vya chini vya Nyayo House, lile jengo refu katikati ya Nairobi ambalo watu wengi wanalijua kwa foleni ya pasipoti. Huko chini waliteswa. Wengi walifungwa. Miaka mingi baadaye mahakama zilianza kuamuru walipwe fidia.

Kuwa na karatasi ya Mwakenya mfukoni kulitosha kukuharibia maisha. Na wanafunzi, kwa ule ucheshi wa kikatili wa shule, wakaangalia kile kikaratasi chao cha kuibia mtihani, kidogo, cha siri, ambacho ukishikwa nacho umeisha, wakakiita mwakenya. Utani ulikuwa mkali kwa sababu hatari ya kweli ilikuwa inajulikana na kila mtu. Leo utani umebaki, waliofungwa wamesahaulika. Mtu anaweza kupata A ya Historia na Serikali bila kujua kwamba neno alilolitumia bwenini lina damu.

Kitu kingine kuhusu mwakenya kinanichekesha. Ili uandike mwakenya mzuri lazima usome mada yote, uchague kile kikubwa, ukifupishe, ukipange. Yaani mtu anafanya kazi yote ya kusoma, tena kwa makini kuliko aliyevyosoma mwaka mzima, halafu anahatarisha kila kitu kwa kuingia nayo ndani wakati tayari iko kichwani! Kwa Sheria ya KNEC ya 2012, kupata au kuwa na karatasi za mtihani kinyume cha sheria kunaweza kukuletea faini ya hadi milioni 2 au jela hadi miaka 10, au vyote viwili. Andika mwakenya wako usiku. Asubuhi uchome.

Kutoka mwakenya wa soksi tulihamia mwakenya wa simu. Mwaka 2015 uvujaji wa KCSE ulikuwa mkubwa hadi matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yakafutwa. Pepa zilikuwa zinazunguka kwenye WhatsApp kama memu. Bodi ya KNEC ikavunjwa 2016, Fred Matiang'i akiwa waziri na George Magoha akaletwa kuongoza baraza. Siku za maombi na kutembelewa na wazazi muhula wa tatu zikapigwa marufuku. Mwaka huo huo, katikati ya mwaka, mabweni yalichomwa katika zaidi ya shule 100.

Kisha matokeo. Mwaka 2015 A safi zilikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016 zilikuwa 141. Nchi nzima, mia moja arobaini na moja. Waliopata C+ kwenda juu walikuwa 88,929. Watu bado wanabishana kama gredi zilipangwa kwa haki mwaka ule, na mimi siamini kila aliyeshuka alikuwa mwizi, maana wizi pekee hauwezi kueleza anguko la nchi nzima. Lakini ninachoamini ni kwamba kuna wanafunzi wengi ambao mbinu yao ya kusoma ilikuwa ni kungoja. Kungoja pepa ije, kungoja mwalimu aspot, kungoja "jamaa fulani ana kitu". Mlango ulipofungwa, hawakuwa na mbinu nyingine. Na hiyo silaumu watoto peke yao. Kuna watu wazima walikuwa wanauza.

Kile kilichopimwa kikafanya kazi

Wakati sisi tunarithiana mbinu kama nguo za kaka mkubwa, kuna watu kwingineko walikuwa wamekaa chini wanapima kumbukumbu yenyewe. Nitawataja watatu tu.

Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alichapisha kitabu chake 1885. Alijitumia mwenyewe: alikariri silabi zisizo na maana, kisha akapima anasahau kwa kasi gani. Akaona kusahau kunaanza haraka sana, halafu kunapunguza mwendo. Na akaona kurudia kwa kuachanisha siku kunashika kuliko kurundika yote kwa mkao mmoja. 1885, wasee. Kenya kama koloni haikuwa imezaliwa.

Mwaka 1924, Jenkins na Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwajaribu wanafunzi wawili. Waliolala baada ya kujifunza walikumbuka zaidi kuliko walipokaa macho kwa muda ule ule. Watu wawili ni wachache, najua, lakini utafiti wa baadaye uliendelea kuelekea huko huko. Kwa hivyo yule anayekesha kuamkia pepa ya Biolojia anafuta ubao aliouandika mwenyewe.

Wa tatu ndio muhimu zaidi kwako. Roediger na Karpicke, 2006, pia Marekani. Wanafunzi walisoma kifungu. Kundi moja likakisoma tena. Lingine likafunika, likaandika kile linachokumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma tena walikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja meza ikageuka: waliosoma tena 42, waliojijaribu 56.

Tazama hizo dakika 5. Ndiyo maana kulipitia daftari kunakudanganya. Ukimaliza tu unajiona umeiva, unaingia kitandani ukitabasamu. Mtihani hauji baada ya dakika 5.

Na hapa ndipo historia yetu inanishangaza. Ile mbinu iliyopimwa ikashinda, sisi tunayo kitambo: pepa za zamani. Shule isiyo na maabara wala maktaba bado ingeweza kupata pepa ya mwaka jana, mwalimu akaiandika ubaoni, mkaifanya. Pamoja na vikundi vya majadiliano, pale mnapokaa sita nyuma ya darasa mnaulizana maswali bila kufungua kitabu. Hivyo ndivyo vitu viwili kati ya tulivyorithi ambavyo ningevihifadhi hata nyumba ikiungua. Lakini tunavitumia vibaya. Mtu ananunua kijitabu cha pepa chenye majibu nyuma, anasoma swali, anachungulia jibu, anasema "aah, hii najua", anaenda ukurasa unaofuata. Huo si mtihani, hiyo ni gazeti.

Sasa masomo yenyewe

Hisabati kwanza, kwa sababu sasa huwezi kuikwepa kwenye gredi. Kila pepa ni saa mbili na nusu, alama 100. Sehemu ya kwanza maswali 16, lazima yote, alama 50. Ya pili maswali 8, unachagua 5, kila moja 10. Wengi hufanya pepa za zamani kipande kipande, swali moja leo, mawili kesho, kwa hivyo hawajawahi kukutana na saa. Wanaingia Novemba wanakwama kwenye swali la tatu dakika ishirini. Fanya pepa nzima kwa mkao mmoja. Na hayo ya kuchagua, amua mapema mada zako sita au saba, uzichimbe hadi uzitambue hata zikiwa zimevaa miwani.

Historia watu huiita ya kukariri, halafu wanakariri aya. Mtahini hahesabu aya, anahesabu hoja. Swali likisema taja, kila hoja ni alama moja. Likisema eleza, huwa ni mbili: moja ya hoja, nyingine ya maelezo. Ukiandika hoja tatu tamu sana kwenye swali la hoja tano, utamu hauna alama. Funga kitabu, andika sababu tano za kitu, fungua, ona uliyoiacha. Ile uliyoiacha ndiyo ya kurudia baada ya siku tatu. Zile ulizozijua, wacha.

Kemia, pepa ya tatu, ile ya maabara. Jedwali la titresheni kwa kawaida lina alama tano: moja ya kulijaza lote, moja ya kuandika desimali kwa usawa, moja ya kukaribia usomaji wa mwalimu wa shule yako, moja ya kukokotoa wastani ipasavyo, na moja ya jibu la mwisho. Hesabu tena. Mbili za kwanza zinahitaji usafi tu wa kuandika. Kuna mtu anayeogopa Kemia tangu Fomu Wani ambaye hajawahi kuambiwa hivyo, na anaacha jedwali na pengo.

Kiswahili, eti cha nyumbani. Pepa ya pili ina ufahamu 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40, isimujamii 10. Hiyo 40 ndiyo mfupa, kwa sababu Kiswahili tunachoongea, hiki hiki ninachoandikia hapa, hakitakupeleka mbali kwenye ngeli. Yajaribu maswali ya sarufi kila siku kidogo, kama dawa. Na fasihi, tafadhali soma kitabu chenyewe. Kidagaa Kimemwozea, Chozi la Heri, Bembea ya Maisha, kila kizazi kina kitabu chake na kila kizazi kina watu waliosoma mwongozo pekee. Mwongozo utakuambia maudhui. Swali likileta dondoo, aliyesoma kitabu anasikia sauti ya mhusika, wa mwongozo anaanza kubahatisha nani anaongea na nani.

Kitu kimoja zaidi ambacho shule nyingi hukificha kabatini: KNEC huandika ripoti kuhusu jinsi watahiniwa walivyofanya, ikionyesha maswali yaliyowashinda, makosa waliyoyafanya na majibu yaliyotarajiwa. Huo ni ujumbe kutoka kwa mtahini mwenyewe, na siku hizi haukai tena Uingereza. Mwombe mwalimu wa somo, kwa adabu, mara mbili ikibidi.

Kama uko Fomu Tatu sasa hivi, anza na Hisabati. Tafuta pepa ya kwanza ya mwaka wowote, mpatie mathe simu, weka saa mbili na nusu, kaa. Usisubiri silabasi iishe. Zile mada hamjafika ziruke, uziandike pembeni. Jisahihishe kwa kalamu nyekundu bila kujionea huruma, kisha unitumie alama uliyopata, hata kama ni 17. Usinitumie picha ya daftari la rangi.